Mwanafunzi Asiye na Kengele

Mwezi huu nataka tuzungumze habari za watu wazima wasomao nyumbani, wasio na darasa wala kengele, nao wanajitayarisha kwa mtihani. Yamkini katika nyumba yako yumo mmoja. Kama hayumo, yumo kwa jirani, na taa yake huwaona inawaka usiku wakati ninyi mmekwisha kulala.

Neno langu kwao ni moja, nalo nalisema mapema, ili asiye na nafasi ya kufika mwisho asilikose. Mtihani haumwulizi mtu amesoma mara ngapi. Humwuliza aweza kuandika nini kitabu kikiwa kimefungwa. Basi yeye afungaye kitabu na kujiuliza kila siku anaifanya kazi ile ile atakayoifanya siku ya mtihani. Asomaye tu, hata akikesha, anafanya kazi nyingine.

Kwanza tuwajue ni akina nani. Katika Tanzania huitwa watahiniwa wa kujitegemea, na namba ya kituo chao huanza na herufi P, hali namba za shule huanza na S. Mtu aliyeishia darasa la saba hawezi kuuendea mtihani wa kidato cha nne moja kwa moja. Hana budi kufaulu kwanza Mtihani wa Maarifa, ambao wengi huuita QT, na huo humfungulia mlango ule ambao mwanafunzi wa shule hufunguliwa na mtihani wa kidato cha pili. Wengine wamekwisha kufanya mtihani wa kidato cha nne, wakaanguka katika masomo mawili matatu, nao huyarudia hayo tu. Wamo mafundi, wauguzi wasaidizi, madereva, askari, wenye maduka. Wamo pia wasichana walioacha shule kwa ajili ya mimba. Hao, tangu tangazo la serikali la Novemba 2021, wana ruhusa ya kurudi katika shule za kawaida. Lakini mwenye mtoto wa kunyonya, asiye na mama wala dada wa kumwachia, mara nyingi huona ni heri asomee nyumbani.

Wala jambo hili si geni kwetu. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliwekwa kwa sheria ya mwaka 1975, na katika miaka ile masomo yalisafiri kwa posta: mtu alipata kijitabu, akajibu maswali, akatia jibu katika bahasha, akangoja. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania nacho kiliwekwa kwa sheria ya mwaka 1992. Leo somo huja kwa simu ya mkononi kabla chai haijapoa. Hata hivyo sijui kama mwanafunzi wa leo ana nafuu kuliko yule wa bahasha, kwa maana yule wa bahasha alilazimishwa kuandika jibu, na wa leo aweza kupokea masomo mwaka mzima asiandike hata mstari mmoja.

Mwanafunzi wa shule hukumbushwa na vitu vingi asivyovihesabu. Kengele humwambia sasa ni hesabu. Mwalimu humwuliza swali la ghafula, akaaibika, na aibu ile humfundisha. Tena shuleni kuna majaribio na kazi zenye alama, na sehemu ya alama hizo huingia katika matokeo yake ya mwisho. Mtahiniwa wa kujitegemea hana akiba hiyo. Yote aliyojifunza kwa miezi mingi hupimwa katika saa chache za Novemba, na siku hiyo mtoto wake akiwa na homa, hakuna alama za zamani za kumsaidia. Ongeza lugha. Darasa la saba alisoma kwa Kiswahili, na sasa anaulizwa karibu kila somo kwa Kiingereza. Kwa hiyo yeye huvuka mito miwili kwa mtumbwi mmoja.

Yuko mama mmoja hapa kwetu, mke wa fundi seremala, mwenye watoto watatu. Alikuja na kitabu chake cha Baiolojia apate kuniuliza mambo mawili. Nilikifungua nikaona kila ukurasa umepigiwa mistari kwa wino mwekundu, hata nikashindwa kujua ni maneno gani aliyoyaona kuwa makubwa na yapi madogo, maana yote yalikuwa mekundu. Akasema, "Mwalimu, nimekimaliza mara nne." Nikamwomba akifunge, anieleze kwa Kiswahili tu jinsi damu ipitavyo moyoni. Akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Nikiuona ukurasa nakumbuka yote. Ukiondoka ukurasa, na maneno huondoka nao."

Tangu siku ile nimeyarudia maneno hayo kwa watu wengi, kwa kuwa sijasikia mtu aliyeueleza ugonjwa huu vizuri kuliko yeye. Ni kama mtu umwonaye sokoni kila juma. Ukikutana naye wasema, namjua huyu. Ukiambiwa umtaje jina, huna. Kurudia kusoma hutupa kule kujua kwa sura. Maneno yamekuwa mepesi machoni, macho hayakwami tena, basi moyo hudhani umeshika. Katika chumba cha mtihani hakuna sura. Kuna swali na karatasi tupu.

Watu wenye elimu wamelipima jambo hili. Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alijifanya mwenyewe kuwa mwanafunzi. Alitunga silabi zisizo na maana, akazikariri, akangoja, kisha akapima ilimgharimu kiasi gani kuzikariri tena, na mwaka 1885 akatoa kitabu cha kazi hiyo. Aliona kwamba sehemu kubwa ya kusahau hutokea mapema, katika saa na siku za kwanza, kisha mwendo wa kusahau hupungua. Aliona pia kwamba marudio machache yaliyogawanywa kwa siku tatu yaliweza kufaa sawa na marudio mengi yaliyofanywa siku moja. Ndiyo kusema, saa tano za Jumapili si sawa na saa moja moja ya siku tano.

Mwaka 2006 Wamarekani wawili, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu habari fupi waisome. Katika njia moja waliisoma, kisha wakaisoma tena. Katika njia ya pili waliisoma mara moja, kisha wakaandika wanayoyakumbuka bila kuitazama. Walipoulizwa baada ya dakika 5, waliosoma mara mbili walishinda: walikumbuka asilimia 81, na wale walioandika asilimia 75. Lakini walipoulizwa baada ya juma moja, mambo yaligeuka: waliosoma mara mbili walibaki na asilimia 42, na walioandika walibaki na 56. Angalieni jinsi hila hii ilivyo mbaya. Usiku ule ule wa kusoma, njia dhaifu ndiyo ionekanayo kuwa na nguvu. Mtu hulala ameridhika, na miezi miwili baadaye hulaumu kichwa chake, aseme, "Mimi ni mzee, akili imechoka." Akili yake ni nzima, ameitumia kwa njia isiyofaa.

Basi afanyeje? Yule mama alinunua daftari la kurasa 96. Kila asomapo kurasa mbili tatu, hufunga kitabu, akaandika maswali upande wa kushoto. Damu itokayo mwilini huingia upande gani wa moyo? Kutoka hapo huenda wapi? Kwa nini ukuta wa chumba cha chini cha kushoto ni mnene kuliko wa kulia? Kisha hujaribu kujibu upande wa kulia bila kuchungulia. Akikwama, huacha nafasi. Hufungua kitabu mwishoni tu, akajaza na kusahihisha kwa wino wa rangi nyingine. Hivyo wino mwekundu umepata kazi mpya: huonyesha asiyoyajua. Kesho yake huyafunika majibu kwa karatasi, akajiuliza maswali yale yale. Huyarudia baada ya siku nne, na baada ya majuma mawili, na baada ya mwezi. Swali alijibulo sawasawa mara tatu hulipumzisha. Lile limshindalo hulirudia kesho.

Mwanzo wa kazi hii una uchungu, nami sitawaficha. Mtu aliyezoea kusoma kurasa 20 kwa usiku sasa humaliza 3, na katika hizo 3 huona amesahau nusu. Wengi huacha hapo, wakarudi kwenye wino wao mwekundu, kwa sababu kule walijiona wenye akili. Na avumilie majuma matatu tu, kisha apime mwenyewe.

Kuhusu swali la ukuta wa moyo, watoto wakiuliza: upande wa kulia husukuma damu mpaka mapafuni, ambako ni karibu, upande wa kushoto huisukuma mpaka kwenye vidole vya miguu.

Hesabu zina ugonjwa wake. Watu huzisoma kama hadithi. Huutazama mfano uliokwisha kufanywa kitabuni, kila hatua huonekana ya haki, wakaitikia kwa kichwa, wakafungua ukurasa wa pili. Hesabu hazisomwi, hufanywa. Mfanya biashara amenunua mzigo kwa shilingi 40,000, akauuza kwa 46,000. Faida yake ni asilimia ngapi? Ukimwonyesha mtu jibu kuwa ni 15, atasema, naam, ni wazi. Mwache alifanye peke yake, na pengine atagawanya 6,000 kwa 46,000, asikumbuke kwamba faida hupimwa kwa bei ya kununulia. Kosa hilo lisipotoka nyumbani kwenye daftari, litatoka Novemba.

Iko tena hazina moja ambayo nashangaa jinsi wachache waijuavyo. Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo na swali kwa swali. Humo huonyeshwa jibu zuri na jibu baya, kwa mwandiko wa watahiniwa wenyewe bila majina yao, na sababu za kufaulu na za kuanguka. Zimo katika tovuti ya Baraza, hazina malipo. Ukizisoma utaona malalamiko yale yale yakirudi: mtahiniwa hakuelewa swali lilitaka nini, hakuwa na maarifa ya kutosha, Kiingereza kilimshinda. La kwanza ndilo liumizalo, maana mara nyingi mtu alijua habari, akaulizwa alinganishe, naye akataja tu. Kutaja ni kutaja, kueleza ni kueleza, kulinganisha ni kuweka viwili pamoja na kusema vimefanana wapi na vimeachana wapi. Maneno haya ya kuamuru, kwa Kiingereza chake, mtahiniwa na ayaandike kwenye karatasi, aibandike juu ya meza, ayajue kama ajuavyo majina ya wanawe.

Mitihani ya miaka iliyopita nayo ifanywe kwa saa. Si kuisoma kitandani huku mtu akisema, hili nalijua, hili nalijua. Akae mezani, saa iwe mbele yake, simu iwe chumba kingine, aandike mpaka muda uishe. Mara ya kwanza atashangaa mkono unavyouma.

Sasa nageuka kwa watu wa nyumbani, maana hapa ndipo mambo mengi huharibikia. Tufanye hesabu pamoja. Tuseme mtu apata saa moja kila usiku, siku 5 kwa juma, tangu mwanzo wa Januari hata mwisho wa Oktoba. Hayo ni majuma 43, nazo ni saa 215. Madaraja ya mtihani wa kidato cha nne huhesabiwa kwa masomo 7. Gawanyeni: kila somo lapata kama saa 30, kwa mambo ambayo mwanafunzi wa shule husomeshwa miaka minne. Saa 30! Na katika hizo, ni ngapi ambazo mgeni amekuja, au mtoto amelia, au mume ameuliza chakula ki wapi?

Kwa hiyo, Bwana, mkeo akisoma, saa yake ile usiihesabu kuwa ni saa ya bure ambayo yaweza kukatwa kila kazi itokeapo. Yule seremala niliyemtaja alifanya jambo ambalo jirani zake walimcheka: tangu saa 2 hata saa 3 usiku yeye ndiye awalazaye watoto, na akija mgeni humpokea yeye. Pia alimtengenezea meza kutokana na mabaki ya mbao. Nawe, Mama, mumeo akisoma, usimwite kila dakika kumi kwa neno ambalo lingeweza kungoja. Watoto nao waambiwe wazi kwamba baba au mama ana mtihani. Msiwafiche kwa kuona haya. Mtoto mkubwa aweza kushika daftari na kumwuliza mzazi wake maswali ya upande wa kushoto, naye hufurahi sana akimpata amekosa.

Haya, ndiyo iwafungayo wengi. Mtu wa miaka 38 akianguka, husema afadhali nisingalijaribu, watu wasingalijua. Mtu huyo naomba aitazame habari ya Nelson Mandela. Alifukuzwa katika chuo cha Fort Hare, akaimaliza shahada yake ya kwanza kwa masomo ya posta ya Chuo Kikuu cha Afrika Kusini mwaka 1942. Kisha akaanza kusomea shahada ya sheria katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand mwaka 1943, wala hakuipata huko. Mitihani ilimshinda zaidi ya mara moja. Alipofungwa katika kisiwa cha Robben aliendelea kusoma kwa posta, hata wakuu wa gereza walipogundua kwamba ameandika kwa siri habari za maisha yake, wakamnyang'anya ruhusa ya kusoma kwa miaka 4. Aliipata shahada ile ya sheria mwaka 1989, akali kifungoni, miaka 46 baada ya kuianza. Wafungwa wenzake wengi walisoma vivyo hivyo, na aliyejua alimfundisha asiyejua, hata machimboni walipokuwa wakivunja mawe ya chokaa.

Neno fupi kwa habari ya wale wauzao majibu. Karibu na mtihani huja mtu, au ujumbe wa simu, kusema kwamba karatasi ya kesho ipo, lipa kiasi fulani. Mara nyingi ni uongo mtupu, na fedha huenda zao. Ikiwa ni kweli ni vibaya zaidi, kwa sababu Baraza hufuta matokeo ya wadanganyifu, na mama aliyejinyima sukari mwaka mzima ili alipe ada hupoteza yote. Mtu akikuletea habari hiyo, usibishane naye. Mwonyeshe mlango.

Ninyi walimu, mna kitu kimoja ambacho mtahiniwa wa nyumbani hawezi kukipata penginepo, nacho ni jicho la pili. Aweza kujiuliza mwenyewe, aweza kujisahihisha katika hesabu na katika majina ya sehemu za ua, lakini insha yake mwenyewe haioni. Mwalimu mmoja akikubali kusahihisha jibu moja kwa juma kwa mtu mmoja, ni kazi ya dakika 15. Msahihishe kwa ukali wa mtihani wenyewe: chini ya alama 30 ni F, na 45 ndiyo mwanzo wa C. Msimwongezee mtu alama kwa kumhurumia, maana msahihishaji wa Novemba hamjui.

Asiyeweza kumpata mwalimu na atafute wenzake watatu. Wakutane Jumamosi alasiri, kila mmoja aje na maswali matano aliyoyatunga, wabadilishane madaftari, wasahihishane. Jibu la mwenzako hulitazama kwa jicho kali kuliko la kwako. Na katika mkutano wa kwanza mtu mmoja apewe kazi ya kuuliza tarehe za usajili katika kituo kilicho karibu, na kiasi cha ada. Usajili hufungwa miezi mingi kabla ya mtihani, aghalabu katika miezi ya kwanza ya mwaka. Achelewaye hulipa faini, na akichelewa zaidi hungoja mpaka mwaka mwingine.